Miiko Bwaloni: Kula Chuoni Tengeru

Neno mwiko lina maana mbili, na zote mbili zina kazi katika bwalo la chuo. Mwiko wa kwanza umo mkononi mwa mpishi: ubao mrefu wa kusongea ugali, ambao kwa sufuria la mamia ya watu hufika kifuani na hushikwa kwa mikono miwili. Mwiko wa pili anao mlaji: ni kile asichokula, ama kwa dini yake, ama kwa desturi ya kwao, ama kwa sababu mwili wake haukipokei. Makala haya yanaeleza jinsi miiko hiyo inavyokutana kwenye vyuo vya Tengeru, na kwa nini mara nyingi anayeumia ni mlaji, ilhali sokoni hapo jirani hakuna kilichokosekana.

Bwalo ni ukumbi wa kulia wa watu wengi wanaopikiwa pamoja. Linatofautiana na mgahawa kwa jambo moja kubwa: mgahawani mteja huagiza kabla chakula hakijapikwa au kuungwa, bwaloni chakula humkuta mlaji kimekwisha kuamuliwa. Ratiba ya wiki imebandikwa ukutani, masufuria yameinjikwa tangu asubuhi, na foleni inaposogea hadi kwenye meza ya kupakulia, kilichobaki ni kunyoosha sahani. Mjadala wote wa miiko ya chakula unaanzia hapo.

Tengeru na vyuo vyake

Tengeru ipo kilometa kama 13 mashariki ya jiji la Arusha, kwenye barabara ya Moshi, katika Wilaya ya Arumeru. Juu yake umesimama Mlima Meru wenye zaidi ya mita 4,500; kando yake kuna Ziwa Duluti, lililojaa kwenye shimo la volkano ya kale. Udongo ni mweusi wenye rutuba, na mifereji hushuka kutoka mlimani. Soko kubwa hufanyika Jumatano na Jumamosi, na siku hizo ndizi, mchicha, mnafu, figiri, ngogwe, karoti, maharage, maparachichi na nyanya hufika kwa mikungu, matenga na magunia.

Ndani ya eneo hilo dogo vimekaa vyuo vya aina mbalimbali. Ipo Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru. Ipo kampasi ya Wakala wa Vyuo vya Mafunzo ya Mifugo, ile inayojulikana kwa kifupi kama LITA. Kipo Chuo cha Ualimu Patandi, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu. Na ipo Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Afrika ya Nelson Mandela, iliyozinduliwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi Novemba 2012, ambayo hufundisha shahada za uzamili na uzamivu tu na kupokea wanafunzi kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Ukiendelea kidogo barabarani kuelekea Usa River utakuta Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira cha Walutheri na Chuo Kikuu cha Arusha cha Waadventista Wasabato. Kwa hiyo katika mwendo wa dakika chache kwa daladala wanakula Waislamu, Walutheri, Wakatoliki, Wasabato, wageni kutoka ng'ambo ya mipaka, vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, na watu wazima walioacha familia nyumbani.

Tengeru ina historia ya kulisha watu wa mbali. Kuanzia mwaka 1942 ilikuwa na kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliotolewa Urusi ya Kisovieti na kupitia Uajemi kabla ya kuvushwa bahari hadi Tanganyika. Makaburi ya waliobaki hapa yanatunzwa mpaka leo.

Nani analipia sahani

Njia za kula chuoni ni tatu, na wanafunzi wengi huzichanganya. Ya kwanza ni bwalo lenyewe, ambapo fedha ya chakula hulipwa pamoja na ada na kila mwanafunzi ana haki ya sahani yake. Ya pili ni kafeteria inayoendeshwa na mzabuni: unalipa kwa sahani, na menyu ni pana kiasi. Ya tatu ni nje ya geti, kwa mama lishe, au jikoni kwako mwenyewe ukiwa umepanga chumba.

Kwa upande wa vyuo vikuu, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali ndiyo iliyobeba gharama za chakula na malazi. Sera ya kuchangia gharama iliyoanza mwaka 1992 ikabadilisha mambo, na tangu 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ndiyo inayotoa fedha ya kujikimu, ile ambayo wanafunzi wote wanaiita bumu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 kiwango cha juu cha chakula na malazi kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Toa kodi ya chumba humo, kisha gawa kinachobaki kwa milo mitatu, utaona kwamba mwenye mwiko hana nafasi kubwa ya kuchagua. Akikataa sahani ya bwaloni, hanunui nyingine. Analala njaa au anakunywa chai kwa andazi. Ndiyo maana nasema suala hili ni zito. Mtu mwenye fedha hugeuza mwiko wake kuwa upendeleo na kuagiza anachotaka. Mwanafunzi aliyekwisha kulipa chakula pamoja na ada hana sahani ya pili.

Ratiba na kilichomo

Ratiba ya bwalo la Kitanzania haitofautiani sana kutoka chuo hadi chuo. Asubuhi ni uji au chai na kitafunwa. Mchana ni ugali na maharage, jioni wali na maharage au ugali na mboga za majani. Nyama huingia siku maalumu, dagaa na samaki hapa na pale, makande mara moja kwa wiki, na matunda kwa kadiri ya msimu. Maeneo ya Meru huongeza ndizi, zikipikwa na nyama au na maharage.

Ukiitazama ratiba hii kwa macho ya mtaalamu wa lishe, ina fadhila ambazo hazisemwi. Mahindi, mchele, ndizi na maharage havina gluteni, ile protini ya ngano na shayiri inayowadhuru wagonjwa wa siliaki. Mtu ambaye angehangaika kwenye bwalo la Ulaya lililojaa mikate na tambi, Tengeru angekula mchana na jioni bila kubadilishiwa chochote. Shida yake ingebaki kwenye andazi na chapati za asubuhi. Maharage na ugali kwa pamoja humpa asiyekula nyama protini ya kutosha, kwa kuwa kila kimoja kinaziba pengo la kingine. Mnafu na mchicha vina madini na vitamini ambavyo kabichi haiwezi kushindana navyo. Na si bahati tu. Kituo cha utafiti wa bustani cha Tengeru, ambacho sasa kipo chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), na Kituo cha Mboga Duniani chenye ofisi zake za kanda hapa tangu miaka ya 1990, vimetumia miongo kadhaa kuboresha mbegu za mboga zetu wenyewe. Nyanya aina ya Tengeru 97 imechukua jina la mahali hapa na mwaka ilipotolewa.

Kwa hiyo malighafi ipo. Tatizo linakaa jikoni, katika kile ninachokiita kuchanganya mapema.

Tazama chai ya asubuhi. Maji yamechemka kwenye sufuria kubwa, majani yametupwa, kisha sukari inamiminwa humohumo, kilo kwa kilo, kabla hata foleni haijaanza. Kuanzia hapo mgonjwa wa kisukari hana chai. Uji ni hivyohivyo. Na ukiwa ni uji wa lishe, unga wake huwa umesagwa kwa pamoja: mahindi, ulezi, soya, mara nyingi karanga, pengine na ngano. Mwenye mzio wa karanga anapoona kikombe cha uji wa rangi ya udongo hawezi kujua kilichomo, na mpishi naye hajui, kwa sababu unga umenunuliwa tayari. Mboga za majani huungwa kwa karanga zilizotwangwa ili zishibe. Mchuzi wa maharage huongezwa supu ya mifupa iliyobaki jana ili unoge. Upawa ulioteka nyama huingizwa kwenye maharage kwa kuwa ni mmoja. Kila hatua imefanywa kwa nia njema, ya kuwapa watu chakula kitamu kwa fedha kidogo, na kila hatua imemfungia mlango mtu fulani.

Hapa lugha yenyewe huongeza utata. Kwa Mswahili, mboga ni chochote kinachosindikiza ugali. Ukiuliza, "Leo mboga nini?" unaweza kujibiwa, "Nyama." Mgeni aliyejifunza Kiswahili kitabuni akisema, "Mimi nakula mboga tu," mpishi atamtazama bila kuelewa anachokataa. Aseme wazi: sili nyama, sili samaki, wala mchuzi wake, wala dagaa waliosagwa. Kutaja vitu kwa majina yake ndiyo kinga ya kwanza.

Miiko ya dini na saa zake

Miiko ya dini ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayoheshimiwa zaidi. Nyama ya kuuzwa kwa watu wote nchini huchinjwa kwa desturi na Muislamu, na majiko ya pamoja kwa kawaida hayapiki nguruwe hata kama mtaani kitimoto kinaliwa wazi. Hilo linamsaidia Muislamu na linamsaidia Msabato pia. Msabato ana jingine: haruhusiwi samaki asiye na magamba, hivyo kambare hali, ingawa perege na sangara anakula. Wengi wao hawanywi chai wala kahawa, jambo ambalo katika nchi hii ya kahawa chini ya Meru husahaulika. Kama asubuhi kuna chai peke yake, wao hubaki na maji.

Ugumu wa dini zaidi ni wa saa kuliko wa vyakula. Tengeru ipo karibu na ikweta, kiasi cha nyuzi tatu na nusu kusini, kwa hiyo jua huzama mnamo saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima, tofauti ikiwa ya nusu saa hivi tu. Mfungaji wa Ramadhani hujua siku yake itakuwa ya urefu karibu uleule, iwe Machi au Agosti. Bwalo linalopakua chakula cha jioni saa kumi na moja na kufunga saa kumi na mbili linamwacha nje kabla ya magharibi. Asubuhi linafunguliwa saa moja, naye daku amepaswa kulimaliza kabla ya alfajiri, mnamo saa kumi na moja. Suluhisho linalofanya kazi ni kuweka orodha ya wafungaji, kuwatengea sehemu yao kwenye hotipoti, na kuwapa jioni kitu cha kubaki nacho kwa ajili ya daku: viazi, magimbi, ndizi, tende. Gharama haiongezeki, maana sahani ya mchana hawajaila.

Kwa Wakatoliki, Ijumaa za Kwaresima hazina nyama, na maharage yanatosha kabisa ilimradi supu ya mifupa haikuingia. Waorthodoksi wa Ethiopia wana mfungo mzito kuliko wote: Jumatano na Ijumaa karibu mwaka mzima, na Kwaresima ya siku 55, hawagusi nyama, maziwa wala mayai. Mwanafunzi wa aina hiyo akija Tengeru ana heri moja, kwamba Jumatano ni siku ya soko, na jikoni siku hiyo mboga ni mbichi kuliko siku yoyote.

Desturi za makabila nazo zipo. Wamaasai wa jadi hawakula samaki, na hata leo kijana aliyekulia bomani anaweza kushindwa kumeza dagaa. Asilazimishwe na asichekwe. Kinyume chake, chakula cha wenyeji wa Meru kingeweza kuwafaa wengi kikipewa nafasi zaidi: loshoro, mahindi yaliyokobolewa na ndizi zilizopondwa pamoja na maziwa ya mgando. Watu wazima wengi Afrika hupata shida kumeng'enya sukari iliyomo kwenye maziwa mabichi, lakini maziwa yakiganda bakteria huwa wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Anayeharishwa na chai ya maziwa mara nyingi huistahimili loshoro.

Miiko ya mwili

Hapa ndipo penye hatari, na hapa ndipo mwanafunzi hunyamaza. Dini hutamkwa hadharani, ugonjwa hufichwa. Mwenye kisukari huona aibu kuomba chai isiyo na sukari mbele ya watu. Mwenye shinikizo la damu hula chumvi iliyokwisha kutiwa. Mwenye vidonda vya tumbo huambiwa na wenzake aache maharage, kisha anaacha kula mchana kabisa, jambo linalomzidishia maumivu. Inafaa isemwe tena na tena: chanzo kikuu cha vidonda vya tumbo ni bakteria, kama Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walivyothibitisha na kupewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, pamoja na matumizi ya mara kwa mara ya dawa za maumivu. Pilipili na maharage vinaweza kuuchoma mwili wa mgonjwa, lakini tiba ni hospitali.

Mzio ni jambo jingine, na haupaswi kuitwa kudeka. Mwenye mzio mkali wa karanga, mayai au samaki anaweza kuvimba midomo na ulimi, kubanwa pumzi na kuzimia ndani ya dakika chache baada ya kijiko kimoja. Kinachohitajika ni sindano ya adrenalini na gari la hospitali. Hospitali ya Wilaya ya Meru ipo hapohapo Tengeru, na kila mpishi anapaswa kujua namba ya simu ya kupiga.

Ipo pia sumu isiyobagua mlaji. Mahindi na karanga zilizohifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Bwalo linalonunua magunia mengi kwa mkupuo lina wajibu wa kuyakagua, kuyaweka juu ya vichanja na kutupa yaliyovunda, hata kama bajeti inauma.

Maji na magadi

Mkazi wa Meru humtambua mwenzake kwa meno yenye rangi ya kahawia. Chanzo ni floraidi, inayotoka kwenye miamba ya volkano na kuingia kwenye chemchemi na visima. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Vyanzo vingi vya eneo hili huvuka hapo, na kiwango kikiwa juu sana, kwa anayekunywa kwa miaka mingi, huharibu hata mifupa. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua kwa mvuke, floraidi inabaki, na ukali wake unaongezeka. Magadi yanayotiwa kwenye makande ili maharage yaive upesi nayo huwa na floraidi. Kuloweka maharage usiku kucha kunafanya kazi ileile kwa maji tu.

Ngurdoto, mwendo mfupi kutoka Tengeru, kipo kituo cha serikali kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Njia hiyo inafaa, ila kuna walaji ambao dini yao huwafanya waulize mifupa hiyo ni ya mnyama gani, na wana haki ya kujibiwa. Katika Taasisi ya Nelson Mandela, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la maji linalorekebishwa kulingana na uchafu wa mahali husika, na mwaka 2015 likashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi. Chuo chochote cha eneo hili kinachopima maji yake na kubandika matokeo bwaloni kimeanza kulitunza kundi kubwa kuliko yote, yaani watu wote.

Sheria za wengine, na kinachowezekana hapa

Nchini Marekani jambo hili lilifika serikalini. Mwezi Desemba 2012 Chuo Kikuu cha Lesley, Massachusetts, kilikubaliana na Wizara ya Sheria kuwapatia wanafunzi wenye siliaki na mizio chakula salama bwaloni, kuwaruhusu kuagiza mapema, na kulipa dola 50,000 kwa walioathirika. Hoja ilikuwa rahisi: chuo kiliwalazimisha kununua mpango wa chakula wasichoweza kula. Umoja wa Ulaya, tangu Desemba 2014, unataka kila anayeuza chakula ataje vitu 14 vinavyojulikana kuleta mzio, hata chakula kikiwa cha kupakuliwa sahanini.

Tengeru haihitaji kusubiri mahakama. Ipo serikali ya wanafunzi yenye waziri wa chakula, yupo mshauri wa wanafunzi, na yupo mpishi mkuu. Watatu hao wanaweza kukubaliana kwa mazungumzo ya nusu saa kwamba sukari, chumvi ya ziada, karanga na pilipili viwekwe mezani badala ya sufuriani. Kwamba maharage yawe na upawa wake na supu ya mifupa isiyaguse. Kwamba unga wa uji uandikwe umesagwa kwa nini. Na maandishi pekee hayatoshi. Patandi inatukumbusha kwamba wapo walaji wasioona na wasiosikia. Asiyeona huambiwa sahani kwa mtindo wa saa, ugali saa sita, maharage saa tatu, mboga za majani saa tisa, na papo hapo aambiwe pia kilichomo. Asiyesikia apewe ubao ulioandikwa, kwa kuwa mpishi akipaza sauti mwishoni mwa foleni haimfikii.

Nawe mwanafunzi mpya, ukishuka Tengeru na sanduku lako, mtafute mpishi mkuu wiki hiyohiyo ya kwanza. Nenda baada ya chai, kazi ikiwa imepungua, umsalimie kwa heshima na umwambie mwiko wako kwa jina lake. Uliza mafuta gani yanatumika, maharage yameungwa na nini, na unga wa uji umetoka wapi. Mwambie kabla sufuria halijainjikwa.